Uzi wa kupanda mpekani nyumbani: nafasi, mizizi, maji na mwenza wake

Mpenda Mizizi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Maswali ya mpekani, ule mti unaozaa kokwa za pekani, huwa yanadondoka moja moja kwenye nyuzi za miti ya matunda, na majibu yake ni yale yale: chimba shimo, weka mbolea, mwagilia. Mti huu naupenda kwa dhati, na inaniuma kuona mche mzuri ukikauka kwa jambo lililokuwa linazuilika. Leo nimekaa niuandikie uzi wake wenyewe. Ni mrefu. Mwenye haraka asome sehemu ya maji tu, akipata wasaa atarudi kwa mengine.

Msimamo wangu nautanguliza. Mipekani mingi inayokufa nyumbani hufa ndani ya miaka mitatu ya kwanza, na kinachoiua ni kiu na nyasi zinazoisonga, wala si magonjwa. Na ile inayopona halafu ikakataa kuzaa, mara nyingi imekosa nafasi au imekosa mwenza wa kuchavushana naye. Hayo yakikaa sawa, yaliyobaki yanarekebishika njiani.

Kwanza ujue unapanda nini. Mpekani ni ndugu wa mjozi. Asili yake ni mabonde ya mito ya Amerika Kaskazini: bonde la Mississippi na mito inayoingia humo, Texas, hadi kaskazini mwa Meksiko. Porini huota kwenye udongo wa kina uliotupwa na mafuriko, mahali ambapo maji yapo chini karibu mwaka mzima lakini juu hayatuami. Ukilishika hilo, nusu ya ushauri wa humu utajieleza wenyewe.

Mti mzima hufika mita 20 hadi 40 kwenda juu, na matawi yake hutanuka mita 15 au zaidi. Ukipata udongo unaoupenda huishi zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo kabla hujanunua mche, nenda ukasimame pale pale unapotaka kuuweka. Tazama juu kama kuna nyaya za umeme. Tazama paa, tazama ukuta wa jirani, kumbuka mabomba ya maji machafu yamepita wapi. Binafsi sishauri chini ya mita 10 kutoka kwenye nyumba. Kati ya mpekani na mpekani mita 12 ndiyo chini kabisa, na mita 15 hadi 20 ndizo zitakazoifaa ikishakua. Wengi huiona mita 15 kuwa ni kupoteza ardhi kwa sababu mche wenyewe ni fimbo moja. Miaka ishirini baadaye matawi yanagusana, mwanga haufiki ndani, na mavuno yanahamia kileleni ambako hakuna mkono unaofika.

Usiupande pia pale mnapoegesha magari. Vidukari wanaokaa chini ya majani yake hudondosha majimaji matamu yanayonata, na juu ya hayo majimaji huota ukungu mweusi. Isitoshe tawi lililobeba linaweza kukatika kwa upepo bila kutoa taarifa.

Udongo uwe wa kina na usiotuamisha maji. Kuupima ni rahisi: chimba shimo la urefu wa mkono mzima, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kesho yake ukikuta maji bado yamo, tafuta mahali pengine. Uchachu wa udongo, ile pH, ukiwa kati ya 6 na 7 ni mzuri. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi mti utaishi, ila utakuwa na shida ya zinki. Hiyo nitaieleza ikiulizwa.

Sasa mche. Unauzwa kwa namna mbili: wenye mizizi wazi, unaong'olewa ukiwa umelala wakati wa baridi, au ulio kwenye chungu. Wa mizizi wazi ni mzuri sana ila hauna subira. Mizizi yake ikipigwa na jua na upepo kwa muda mfupi tu inakufa, na wewe hutajua hadi majira ya kuchipua yafike usione kitu. Ifunge kwenye gunia bichi hadi dakika ya kuutia shimoni. Ule wa chungu, uvue na uangalie chini. Mpekani una mzizi mkuu unaokimbilia chini kwa nguvu, na ukikuta kitako cha chungu unaanza kujizungusha kama kamba iliyokunjwa. Ukiupanda hivyo hivyo utaendelea kujizungusha. Unyooshe, na usiponyooka ukate pale unapoanza kupinda. Utatoa mizizi mipya.

Shimo liwe la kina cha mzizi wako, mara nyingi sentimita 60 hadi 90, na upana wa kutosha mizizi ya pembeni isikunjwe. Udongo uliotoka humo ndio unaorudi humo. Usichanganye samadi wala mbolea ya chumvichumvi. Mbolea itaunguza mizizi michanga, na udongo mtamu ulioletwa kutoka kwingine hufanya mizizi igome kutoka nje ya shimo. Jaza hadi nusu, mwaga maji udongo ukae na mapovu ya hewa yatoke, malizia kujaza, mwaga tena. Shingo ya mche ikae usawa ule ule iliokuwa nao kitaluni, na pale ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na kijiti cha aina bora, pabaki juu ya ardhi.

Halafu maji. Tangu unapochipua hadi unapopukutisha majani, mche unataka lita 40 hadi 60 kwa wiki, kama mvua haikutosha. Yamwage polepole yazame. Kikombe kimoja kila jioni hakisaidii, kwa sababu kinalowanisha sentimita chache za juu wakati mzizi wako uko chini kabisa. Na kuzunguka shina, nusu kipenyo cha mita moja, pasiote kitu chochote, hasa nyasi. Nyasi hunywa kabla ya mti na hula naitrojeni kabla ya mti. Tandaza matandazo ya unene wa sentimita 10 hivi ila yasiguse shina. Ukilazimika kuchagua kati ya mbolea na kung'oa nyasi kwa miaka mitatu hii, ng'oa nyasi.

Karibuni kwa maswali, na anayepinga apinge.

---

Jembe Jipya

Asante sana mkuu, nimekusoma mstari kwa mstari. Swali langu: mche wangu wa mizizi wazi una urefu wa mita moja na nusu, na kuna mtu kanishauri nikishaupanda nikate juu karibu nusu. Roho inaniuma. Ni kweli au ananipotosha?

---

Mpenda Mizizi

Ni kweli kabisa, kaka. Kata theluthi moja hadi nusu.

Kitaluni ulipong'olewa, sehemu kubwa ya mizizi yake midogo ya kunyonyea ilibaki ardhini. Kilichokuja kwako ni mzizi mkuu uliokatwa na vijizizi vichache. Ukiacha juu pakiwa parefu, machipukizi yote yataamka pamoja na kudai maji ambayo mizizi haina uwezo wa kuyaleta. Utaona majani madogo yanatoka, yanasimama kwa wiki chache, kisha yananyauka joto likianza. Ukikata, machipukizi machache yaliyobaki yanapata ya kutosha na yanakwenda kwa kasi. Mche uliokatwa vizuri huupita ule ambao haukukatwa, mara nyingi kabla msimu wa pili haujaisha.

Baada ya kukata, machipukizi kadhaa yatatoka juu. Yakifika kiganja kimoja, chagua moja lililonyooka na lenye nguvu liwe kiongozi. Yanayoshindana nalo yabane ncha. Yale madogo ya chini kwenye shina yaache kwa miaka miwili hivi, maana yanalinenepesha shina na kulikinga na jua. Shina lenyewe wengine hulipaka rangi nyeupe ya maji isiyo na mafuta, na ni jambo jema pale jua la mchana linapolipiga moja kwa moja.

Kitu kingine: mwaka wa kwanza huenda juu usione kinachoendelea. Usiogope, usiongeze mbolea. Unajenga chini.

---

Kivuli Kikubwa

Mleta uzi nakupongeza, ila kuna mahali sikubaliani nawe. Umeandika kana kwamba mche wa kununua ndio njia pekee. Mimi naamini mpekani ulioanzia kwenye mbegu, palepale utakapokaa, unaupita wa kununua kwa uzima. Mzizi wake mkuu haujawahi kukatwa wala kupinda. Unashuka moja kwa moja.

Namna ya kufanya: chukua pekani mbichi za msimu huo zenye ganda, zisiwe za kukaanga wala zilizokaa mwaka mzima kwenye joto. Ziloweke siku moja au mbili, ukibadilisha maji. Kisha zifukie kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya mfuko, uweke kwenye friji, nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi, miezi miwili hadi mitatu. Mbegu inahitaji hiyo baridi ili iamke vizuri na zote ziote kwa pamoja. Ukizitoa, zilaze ubavu kwenye udongo kwa kina cha sentimita 5 hadi 8. Weka mbegu tatu mahali pamoja, baadaye uache mche mmoja ulio bora. Funika kwa wavu wa chuma, maana kindi na panya hunusa pekani iliyofukiwa.

Mzizi unatoka kwanza, na unaweza kwenda chini zaidi ya sentimita 30 wakati juu unaona majani mawili matatu tu. Ndiyo maana anayeotesha kwenye chungu kifupi anauharibu mapema bila kuona.

---

Mpenda Mizizi

Mkuu, kuhusu mzizi tuko pamoja, na maelezo yako ya friji ni sahihi. Lakini lazima tumwambie msomaji upande wa pili. Mpekani wa mbegu haufanani na mama yake. Umepanda pekani kubwa yenye ganda laini, unaweza kuvuna ndogo yenye ganda gumu ambalo halifunguki. Na utasubiri miaka 8 hadi 12, wakati mwingine zaidi, ndipo uijue zawadi yako. Wa kubebeshwa huanza kuonyesha baada ya miaka 4 hadi 7.

Njia ninayoipenda ni kuunganisha ya kwako na yangu: otesha mbegu palepale, uache mti ushuke mizizi, kisha shina likifika unene wa kidole gumba ubebeshe juu yake aina unayoitaka. Vikonyo, yaani vijiti vya aina hiyo, hukatwa mti wao ukiwa umelala, vya unene wa penseli, vinafungwa na kitambaa chenye unyevu na kuwekwa kwenye friji. Unabebesha machipuko yakishaanza, pale ganda la shina mama, yaani lile uliloliotesha, linapoachia lenyewe ukilichana kwa kisu. Kwa mtu wa nyumbani kuna mbinu ya vipande vinne: shina mama unalikata juu, unachana ganda lake pande nne na kulishusha chini, unakata kile kijiti cha katikati kilichobaki uchi. Kikonyo unakichonga pande nne, unakisimamisha juu pale penye uchi, na yale maganda manne unayarudisha kukikumbatia. Funga kwa mpira, zungushia karatasi ya aluminiamu isipigwe na jua, na plastiki juu yake kuhifadhi unyevu. Faida yake ni kwamba kikonyo na shina mama vikilingana unene, vinagusana pande zote nne.

Kubebesha mpekani ni kugumu kuliko kubebesha machungwa, kwa hiyo andaa vikonyo vya akiba.

---

Kivuli Kikubwa

Hapo nimekubali. Na kwa kuwa umegusa kubebesha, naomba tumtaje aliyeutoa mpekani porini ukawa zao la bustani. Aliitwa Antoine, mtunza bustani aliyekuwa mtumwa kwenye shamba la Oak Alley huko Louisiana. Kati ya mwaka 1846 na 1847 alibebesha miti 16 kutoka kwenye mti mmoja uliosifika kwa ubora wa pekani zake, na ikashika. Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya pekani iliyopewa jina, na jina lenyewe, Centennial, lilitokana na maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 ambako pekani zake zilipata tuzo. Jina la pili la Antoine halikuandikwa popote. Kila anayebebesha mpekani leo anafuata kazi ya mikono yake, na mimi humtaja kila ninapofundisha mtu.

---

Bi Matandazo

Nashukuru kwa historia hiyo, sikuwahi kuisikia. Mimi nina mti wa miaka minne, nimeukuta nilipohamia. Majani ya juu ni madogo, membamba, yana mawimbi pembeni na rangi ya njano kati ya mishipa. Ncha za matawi zimefanya vishada, na nyingine zinakauka. Maji naupa. Mbolea naupa. Naomba msaada.

---

Mpenda Mizizi

Dada, ulivyoeleza ni njaa ya zinki, tena imeshakomaa. Huo ndio upungufu wa kwanza kuuangalia kwenye mpekani, hasa udongo wenye chokaa. Zinki inaweza kuwemo ardhini kwa wingi lakini chokaa imeishika, mizizi haiipati. Ndiyo maana kuimwaga chini hakusaidii sana kwenye udongo wa namna hiyo; inapulizwa kwenye majani.

Na inapulizwa kwenye majani machanga, hapo ndipo wengi hupotea. Jani lililokomaa na kuwa gumu haliipokei. Anza chipukizi linapofunguka na kuonyesha kijani, rudia kila baada ya wiki mbili maadamu mti unatoa majani mapya. Tumia salfeti ya zinki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, usizidishe, puliza asubuhi mapema kabla joto halijapanda. Kama jirani yako ana mipichi au miplamu, angalia upepo unaelekea wapi, kwa sababu zinki hiyo huunguza majani yake.

Kitu kimoja uchunguze kabla hujanunua. Chukua jani moja uliangalie nchani. Kama ni jembamba na limechongoka lakini lina mawimbi, ni zinki. Kama ncha imekuwa butu, ya mviringo, na pembeni mwa ncha pana ukingo mweusi uliokauka, huo ni upungufu wa nikeli. Watafiti wa Marekani waliuthibitisha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo watu walitaja sababu nyingi. Zinki ikizidishwa mwaka baada ya mwaka inaweza kuuleta huo wa nikeli, kwa hiyo usipulize kwa mazoea.

Na mbolea ya naitrojeni punguza kwanza. Ukiusukuma mti ukue haraka huku hauna zinki, unaiongeza hiyo njaa.

---

Bi Matandazo

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Ncha zimechongoka, mawimbi yapo, weusi hakuna. Basi ni zinki. Nitangoja machipuko mapya. Ubarikiwe.

---

Msomaji Kimya

Wakuu, huwa nasoma tu bila kuandika, leo imebidi. Mpekani wangu ni mmoja, mkubwa, mzima. Kila mwaka unajaa zile nyuzi za maua zinazoning'inia, halafu vijitunda vidogo vinatokea na kudondoka karibu vyote. Uko peke yake, hakuna mwingine ninaouona karibu. Ndiyo huo upweke?

---

Mpenda Mizizi

Dalili zote ni za upweke, ndugu yangu.

Mti mmoja una maua dume na maua jike. Dume ni hizo nyuzi zinazoning'inia kwenye tawi la mwaka jana. Jike ni vitu vidogo sana kwenye ncha ya tawi jipya, unatakiwa usogee karibu uvione. Juu yake pana unyevu unaong'aa wakati viko tayari kupokea chavua. Tatizo ni kwamba haviko tayari kwa wakati mmoja. Kuna mipekani inayomwaga chavua kwanza, jike wake akachelewa. Hiyo huitwa aina ya kwanza. Kuna ambayo jike huwa tayari kwanza, chavua ikachelewa. Hiyo ni aina ya pili. Ukiwa na mmoja wa kila aina, kila mmoja anampa mwenzake wakati anaohitaji. Ukiwa na miwili ya aina moja, umeongeza kivuli tu.

Pawnee, Desirable, Western, Cheyenne na Cape Fear ni aina ya kwanza. Stuart, Wichita, Kanza, Elliott na Sumner ni aina ya pili. Ukinunua mche, muulize muuzaji jina la mbegu na aina yake. Asipojua jina, usiuchukue kwa kazi hii.

Chavua ya mpekani huchukuliwa na upepo, nyuki hawahusiki. Mwenza akiwa ndani ya mita 50 au 60 inatosha kwa mti wa nyumbani, na ukiweza mweke upande ambao upepo wa machipuko unatokea. Kama eneo halitoshi mti wa pili, bebesha tawi moja au mawili ya aina nyingine kwenye huo huo mti. Utangoja miaka kadhaa hadi litoe chavua, ila halichukui nafasi ya ziada. Weka alama kwenye hilo tawi asije mtu akalikata akipogolea.

---

Jembe Jipya

Na sisi tulio sehemu zenye joto mwaka mzima? Nimesikia mpekani unataka baridi.

---

Mpenda Mizizi

Unaitaka, na pia unataka kiangazi kirefu chenye joto ili uijaze pekani. Unahitaji kama siku 180 au zaidi zisizo na baridi ya kugandisha, pamoja na kipindi cha baridi cha kuulaza. Pasipo baridi kabisa mti huota na unaweza kuwa mkubwa, lakini hauamki kwa pamoja: tawi hili limechipua, lile bado, maua dume yametoka wakati jike hajaonekana. Majani mazuri, mavuno haba. Unalimwa kibiashara Afrika Kusini, Australia na Brazili, na huko pia hupandwa maeneo yenye majira ya baridi ya kueleweka. Kama kwako hakuna msimu ambao mti unapukutisha majani yote, panda kwa ajili ya kivuli, na ukizaa ushukuru.

Kuna baridi nyingine mbaya, ile inayorudi machipuko yakishatoka. Elliott huamka mapema na huunguzwa nayo mara kwa mara. Penye hatari hiyo chagua zinazochelewa kuamka.

---

Bi Matandazo

Nimerudi tena. Mama mkwe wangu ana mti mkubwa unaobeba sana, lakini mwaka uliopita pekani nyingi ukizipasua ni ngozi kavu tu ndani, tupu. Kwa nje zilikuwa nzuri.

---

Mpenda Mizizi

Swali zuri sana, na jibu lake liko kwenye kalenda ya maji.

Pekani hujitengeneza kwa awamu mbili. Kwanza ganda linakua hadi ukubwa wake wa mwisho. Katika awamu hii ukiukosesha mti maji, utavuna pekani ndogo. Ganda likishakuwa gumu ndipo kiini kinaanza kujazwa, wiki zile za mwisho wa kiangazi. Chukua moja wakati huo uikate katikati: mwanzoni utaona maji matupu ndani, baada ya siku kadhaa yanakuwa utelezi mzito, kisha nyama nyeupe inaanza kujipanga ukutani na kuja katikati. Hapo mti unatengeneza mafuta, na kiini cha pekani karibu asilimia 70 ni mafuta. Ni kazi nzito kuliko zote unazofanya mwaka mzima, na inakuja wakati watu wameshachoka kumwagilia. Mti mkubwa kwenye joto hilo hunywa lita mia kadhaa kwa siku. Ukikauka hapo, ganda linabaki zuri na ndani pana ngozi.

Sababu ya pili ni mzigo. Ulibeba sana, umesema. Mpekani una tabia ya mwaka huu kujaza na mwaka ujao kupumzika, na mwaka wa kujaza huwa hauna nguvu ya kuvilisha viini vyote. Wenye mashamba makubwa huutikisa mti kwa mashine katikati ya kiangazi ili kudondosha sehemu ya mzigo. Nyumbani, yale matawi ya chini yanayofikika unaweza kupunguza kwa mkono kabla kiini hakijaanza kujaa. Utalinda na matawi yasivunjike.

Zikague pia zenyewe. Tundu la mviringo safi, la milimita 3 hivi, ni funza wa fukusi aliyetoka baada ya kula ndani. Huyo huingia ardhini na anaweza kukaa humo zaidi ya mwaka kabla ya kutoka akiwa fukusi kamili, kwa hiyo pekani zilizodondoka mapema ziokotwe zote na kuharibiwa, zisiachwe chini. Vishada vichanga vikiwa na utando wa nyuzi na unga mweusi kwenye kikonyo, huyo ni nondo wa pekani. Kizazi chake cha kwanza ndicho cha kukifukuzia.

---

Kivuli Kikubwa

Niongeze la madoa meusi, maana hakuna aliyeuliza na ndilo linalokatisha watu tamaa penye mvua nyingi. Ni ukungu. Huanza kama vidoa vidogo vyeusi kwenye jani na kwenye ganda la nje la kijani, vinaungana, na ganda lote linakuwa jeusi kabla kiini hakijajaa. Mti mkubwa wa nyumbani hauwezi kuupulizia dawa hadi kileleni, mitambo ya kufika mita 20 ni ya mashambani. Kwa hiyo dawa yako ni kuchagua aina tangu mwanzo. Desirable, Wichita na Western ni dhaifu sana kwa ugonjwa huu, ziache kwa sehemu kavu. Elliott na Kanza zinauhimili vizuri. Fagia maganda ya zamani na majani, na acha hewa ipite kati ya matawi.

---

Mpenda Mizizi

Hilo ni la muhimu kweli na nilipaswa kuliunganisha na majina niliyoyataja juu. Unyevu mwingi kwako, anza na Elliott au Kanza ndipo utafute mwenza wake.

---

Msomaji Kimya

Nimeamua kubebesha tawi. La mwisho: zikishaiva zinatunzwaje? Zangu chache huwa zinaota uchungu ndani ya miezi michache.

---

Mpenda Mizizi

Uchungu huo ni mafuta yaliyochacha. Ganda la nje likipasuka sehemu nne, pekani imeiva. Okota mapema, usiziache wiki nzima kwenye nyasi zenye umande. Zianike kivulini penye hewa, zikiwa zimetandazwa tabaka moja, hadi kiini kikikunjwa kinavunjika kwa mlio badala ya kujikunja. Ndipo uzifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa na uziweke baridi. Kwenye friji hukaa kama mwaka mmoja, kwenye friza miaka miwili au zaidi. Mezani penye joto hazifiki mbali, na zilizomenywa huharibika upesi kuliko zenye ganda. Usiziweke jirani na vitunguu, hunyonya harufu.

Na zilizoota ukungu zitoe nje ya uzio kabisa kama una mbwa. Sumu ya ukungu ule humfanya atetemeke na kupata degedege. Akishazila, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.